Anayekaa Pembeni ni Nani

Kamukuywa,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Roselyne,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mguu wa kushoto wa Mama bado unamvuta, lakini juzi alijikokota mwenyewe mpaka jikoni akaanza kutusuta jinsi tunavyopika mrenda, kwa hiyo najua anapona. Kevin wangu ameingia gredi ya nne na siku hizi hataki kutumwa dukani. Mume wangu Hiram yuko mbioni na biashara yake ya nafaka, leo hapa, kesho Kabuchai. Mvua bado hatujainusa.

Nasambu wako ni mzima. Nimemweka darasani kwangu, chekechea. Nilimwambia ulivyoniagiza siku ile kortini, kwamba mama amebaki Kitale kikazi. Alinitazama tu, akaomba maji.

Sasa nisikie. Jumatano tulicheza kati uwanjani, ule mchezo wa kurushiana mpira wa matambara. Sheria nilikuwa nimewafundisha asubuhi: ukikanyaga mstari, unakaa pembeni mpaka raundi iishe, kisha unarudi. Mtoto mmoja, Shamira, alikanyaga, nikamtoa. Nasambu akaja akanivuta sketi. "Anti, anakaa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka raundi iishe. "Na isipoisha?" Tangu siku hiyo hachezi. Anasema hataki kukosea.

Jana yake kulikuwa na jambo lingine. Kalamu ya rangi ya mwenzao ilipotea. Nikauliza nani ameichukua. Nasambu akasimama, akasema ni yeye. Roselyne, kalamu ilikuwa mfukoni mwa Shamira, nilikuwa nakiona kichwa chake kikichungulia. Mtoto wa miaka sita amejifunza wapi kubeba kosa la mwenzake?

Hilo limenifanya nikufikirie wewe. Wewe ambaye hata mahindi ya kuchoma ulikuwa ukimwongezea mtu, ulikubali kosa la kuuza mbegu bandia kabla karani hajamaliza kusoma shtaka. Ukafungwa mwaka mmoja, na hukusema hata neno la kujitetea. Zile mbegu nani alikuletea dukani? Niambie mimi dada yako, kama hukuweza kumwambia hakimu.

Na umekataa nisije kukuona. Kwa nini?

Ni mimi,
Nangila


Kitale,
2 Machi 2025

Dada Nangila,

Habari za huko? Mimi niko tu, sina mbaya. Tunaamka mapema, tunahesabiwa, halafu wengine wanaenda kwa shamba na wengine cherehani. Mimi nimewekwa cherehani. Nashona kaptura za wanaume siku nzima, ungecheka. Kuna nyanya mmoja wa hapa anaimba kama Mama, sauti ileile ya pua. Nikimsikia nageuka.

Salimia Mama, umwambie nakula vizuri. Salimia Kevin. Salimia mama Edinah jirani, na watoto wake, na yule ng'ombe wa mabaka kama bado hajauzwa. Mwambie Nasambu namshonea kitu.

Sasa wewe, Nangila, mbona unamchunguza mtoto? Nilikupa umlishe, umvalishe, umpeleke shule. Sikukupa umhoji. Si mtoto akikataa kucheza ni mtoto tu? Ama unatafuta nini kwake? Wewe ulitaka msichana tangu zamani, hilo najua, na Mungu akakupa Kevin peke yake. Sisemi kitu. Nasema tu yeye ana mama.

Usimwambie niko wapi. Atajua akikua. Na mbegu usiniulize tena. Duka lilikuwa langu, jina juu ya mlango langu, nimekubali, nimefungwa, imeisha. Ukiuliza mara ya pili sitakujibu barua.

Usikuje. Sitaki mtu anione na hii nguo.

Mdogo wako,
Roselyne


Kamukuywa,
30 Machi 2025

Roselyne,

Mama anakusalimu na anauliza kama kweli unakula. Mvua imeshuka, watu wako mashambani kutoka alfajiri. Kevin alianguka kwenye tope na sare mpya. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua yako ilinifikia imefunguliwa. Hiram ndiye aliyeitoa kwenye sanduku lake la posta, akanipa, akasema huko jela wanazisoma zote. Nimeamini. Lakini kuna kitu kingine kwenye barua hiyo. Umesalimia kila mtu, hadi ng'ombe. Hiram, ambaye anamnunulia mwanao viatu, umemruka. Mlikosana?

Ulinikataza kumwambia Nasambu. Nimechelewa, wenzake wameniwahi. Babu yake Shamira alipanda mbegu kutoka duka lako mwaka jana kule Kabuchai. Nyingi hazikuota, zilizoota zikazaa vigunzi vitupu, na mzee akauza ndama wake kulisha nyumba. Wiki jana Shamira alimwambia Nasambu mbele ya darasa zima, "Mama yako ni mwizi, amefungwa."

Nilimkalisha jikoni nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto wengine. Nikasema, serikali ina sheria, kama sisi tulivyo na sheria za darasa. Moja inasema usiuze mahindi ya kula ukidanganya ni mbegu, kwa sababu watu watalima bure na kulala njaa. Mama aliivunja, sasa yuko pembeni, akimaliza atarudi.

Akasema, "Si mama."

"Basi ni nani?"

"Nikisema nitafungwa."

"Nani amekuambia mtoto anafungwa?"

Hapo Hiram akaingia kuchukua kiberiti. Mtoto aliingiza mikono yote miwili ndani ya sweta, na hakufungua kinywa tena mpaka kulala.

Kesho yake Hiram akaniambia, eti ni vizuri Nasambu aende akae kwa wazazi wa marehemu baba yake, Cheptais, "abadilishe hewa." Muhula hata haujaisha, Roselyne. Na hao wazee hawajawahi kumuulizia. Nimesema nitafikiria.

Nafikiria. Na wewe niambie la kufikiria.

Nangila


Kitale,
25 Mei 2025

Dada,

Najua nimechelewa sana. Nilikuwa mgonjwa kidogo, halafu nikapona, halafu sikujua niandike nini. Mama vipi? Mahindi yenu yamefika wapi? Ya shamba la hapa yamefika magotini.

Hii barua haiji na posta. Nimempa Jepkemboi, yule mama wa kanisa anayekuja kutuombea. Hata wewe ukijibu, mpe yeye mkononi.

Kuhusu ile barua iliyokufikia wazi. Ni kweli hapa wanazisoma. Lakini wakimaliza wanafunga na gundi na wanapiga muhuri juu ya gundi. Hakuna barua inatoka hapa wazi. Sasa wewe jiulize nani ana ufunguo wa hilo sanduku.

Mtoto asiende Cheptais. Asiende hata siku moja, hata akiambiwa ni kusalimia tu. Mtu akitaka sana kumhamisha mtoto, uliza mtoto ameona nini hapo alipo.

Hayo mengine siwezi. Usinisukume.

Salimia Mama na Kevin.

Roselyne


Kamukuywa,
15 Juni 2025

Roselyne mdogo wangu,

Mama amelala, mguu umemsumbua kwa baridi hii. Kevin amekuwa wa tatu darasani na anataka dunia nzima ijue. Wengine wazima.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Mtu umeishi naye miaka kumi na moja, unaanza kumsikiliza anavyofunga mlango. Anauliza kila siku, "Roselyne hajaandika?" Nasema hajaandika. Ananitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha anasema, "Maskini, labda kazi nyingi." Zamani ningeona huruma hapo.

Ijumaa nilirudia mchezo wa kati. Nasambu alisimama nami kandoni. Mtoto mmoja akakanyaga mstari akaanza kulia, hataki kutoka. Nasambu akaniuliza, "Anti, mtu mwingine anaweza kukaa pembeni badala yake?"

Nikasema hapana. Kila mtu anakaa kwa kosa lake. Ukikaa kwa kosa la mwingine, yule aliyekosa hajui hata kama alikosa, na atakanyaga tena.

Akafikiri. Kisha akasema polepole, "Basi mama atoke."

Niliwaacha watoto na mwalimu mwenzangu, nikampeleka nyuma ya darasa. Sikumuuliza kitu. Nilichuchumaa tu nikangoja, na yakatoka yenyewe. Ati likizo ile ya mwaka juzi, wakati wewe ulikuwa umekuja huku kumuuguza Mama, na yeye akaachwa na msichana wa kazi Kitale, anko Hiram alikuja na mahindi kwa magunia. Akayamwaga chini chumba cha nyuma cha duka, akayakoroga na rangi kwenye beseni la kufulia. Nasambu aliingiza mikono kucheza, ikawa myekundu. Anko akaisugua kwa sabuni ya unga mpaka ikauma. Akampa biskuti. Akamwambia kuna sheria, mtoto anayesema mambo ya duka anachukuliwa na polisi, na mama yake pia.

Halafu polisi wakaja wakakuchukua kweli. Roselyne, mtoto huyu alikuwa anaamini ni yeye aliyekufungisha. Hakuwa amesema kitu, lakini siku moja aliota anayasema, akadhani aliyasema kwa sauti.

Nataka neno lako. Hiram ndiye? Andika ndiyo au hapana, mengine niachie.

Nangila


Kitale,
29 Juni 2025

Nangila,

Sijui nianze na salamu gani. Nimelia mbele ya Jepkemboi mpaka afande akaja kuangalia kama kuna mtu amekufa.

Sikujua Nasambu aliona, nilishuku tu uliponiandikia habari ya Cheptais. Naapa. Yeye Hiram aliniambia ametoa hizo mbegu kwa kampuni hapa Kitale, ati kwa bei ya rafiki, na mifuko ilikuwa ya kampuni, imeshonwa vizuri. Nikaweka kwa rafu nikauza. Hata huyo mzee wa Kabuchai nilimuuzia mimi kwa mkono wangu, nikamtakia mvua njema. Nilijua siku jirani yake alirudi na mfuko nusu, akamwaga punje kwa kaunta, akatemea moja mate akaisugua na kidole. Rangi ikatoka. Chini ilikuwa mahindi tu ya ugali, imetobolewa na wadudu.

Hiram alinijia remandi kabla ya kesi. Akalia kama mtoto. Akasema, "Shemeji, ukinitaja, dada yako ataanguka. Mama yenu nani atambeba kumpeleka hospitali? Kevin ataitwaje pale sokoni?" Akasema mimi ni mmoja, yeye ni nyumba nzima. Akasema Nasambu atakaa kama binti yake. Nikaona ni kweli. Nikakubali.

Sasa acha hivyo. Nimebakisha miezi michache. Ukiamsha hii kitu, mimi sitoki mapema na wewe unabaki bila bwana. Nani atafaidika?

Na nikuulize kitu, usikasirike. Mimi nilikuwa kwa Mama tu mchana na usiku. Wewe ulikuwa unamfulia bwana yako nguo. Hukuona mikono yake?

R.


Kamukuywa,
27 Julai 2025

Roselyne,

Mama ni mzima. Watoto ni wazima. Hayo ndiyo mazuri, mengine keti kwanza.

Umeuliza kama sikuona mikono. Niliiona. Kucha zake zilikuwa nyekundu karibu wiki mbili. Aliniambia amejitolea kupaka rangi lango la kanisa, nikamsifu. Jumapili ya kwanza baada ya barua yako nilisimama mbele ya lango hilo na Biblia mkononi, watu wakinipita. Ni la kijani. Limekuwa la kijani tangu nilipoolewa huku.

Tuliporudi niliandaa chakula, tukakaa wote. Nikasema, "Baba Kevin, lile lango la kanisa ulilipaka rangi gani?"

"Nyekundu. Kwani?"

"Mbona ni la kijani?"

Aliweka tonge chini. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Nasambu. Moyo wangu ukaniambia, umeolewa na mtu usiyemjua.

"Usimwangalie yeye," nikasema. "Niangalie mimi."

Alikana. Kisha akasema ni wewe uliyemtuma. Kisha akasema kila mfanyabiashara wa nafaka anafanya. Yote matatu kabla chakula hakijapoa. Nikamwambia, "Jumatatu asubuhi naenda kituo cha polisi. Nawe au bila wewe, chagua." Akachukua koti akatoka.

Kevin alikuwa amesikia kila kitu, na sikuweza kumdanganya tena kama nilivyomdanganya Nasambu kwamba uko kazini. Nikasema, "Baba yako alipaka mahindi ya kula rangi akayauza kama mbegu. Watu walikosa chakula. Ni kosa, na kosa hilo lina adhabu."

"Atapigwa?"

"Hapana. Atakaa mbali nasi."

"Mpaka lini?"

"Hakimu ndiye atasema. Lakini atataja mwisho."

Nasambu akauliza, "Na mimi niliyesema?"

"Hakuna sheria inayomfunga mtoto kwa kusema alichoona."

"Anko alisema iko."

"Anko aliitunga."

"Mtu mkubwa anaweza kutunga sheria ya uongo?"

Nimefundisha chekechea miaka mingi, Roselyne, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia ndiyo, anaweza, na ukiona sheria inakukataza kumwambia mama yako jambo, hiyo iogope, halafu njoo uniambie.

Hiram alikaa kwa kaka yake mkubwa, Walubengo. Sitakudanganya kwamba alitubu. Walubengo alimleta Jumatatu akiwa amemshika kiwiko, na tukaenda watatu. Aliandika maelezo. Sasa yuko remandi Bungoma, kesi yake itatajwa mwezi ujao.

Mama, ambaye siku ile alikuwa amelala, nilimwambia mwenyewe. Akaomba nimpake mguu mafuta. Sokoni wengine wananisalimu, wengine wanajifanya kuchagua nyanya. Babu yake Shamira alikuja kwa miguu kutoka Kabuchai, akakaa, akanywa chai, akasema tu, "Mwalimu, nimesikia." Sikujua kama ni lawama au ni asante.

Linaloniumiza ni Kevin. Hali meza moja na Nasambu. Jana nilimsikia akimwambia, "Wewe ndiye umemfunga baba." Naye Nasambu, ambaye alikuwa ameanza kucheza kati tena, amerudi kandoni.

Nangila


Kitale,
17 Agosti 2025

Dada Nangila,

Nasalimu kila mtu hapo, na leo naanza na Kevin kabla hata ya Mama.

Nilikukasirikia. Barua yako nilikaa nayo siku nyingi nikisema, mimi sikumwomba huyu mwanamke, nilishalipa, mbona amelipisha na wengine. Halafu nikakumbuka Nasambu na hiyo ndoto. Mtoto wangu alikuwa analala na hiyo kitu kila siku, mimi huku najiona nimemlinda. Hasira ikakosa pa kukaa.

Maafisa walikuja, nikaandika maelezo upya, safari hii ya ukweli. Wakili wa kanisa alipeleka kortini. Hakimu amesema hawezi kunitoa mapema. Baada ya yule jirani wa mzee kurudi na mfuko, niliuza mingine miwili kabla ya kufunga duka, nikiogopa hasara. Nilikuwa najua. Hiyo ni yangu, na mimi naikaa. Nikihesabiwa tabia njema natoka mwisho wa Septemba. Ya Hiram ataikaa Hiram.

Nilikataza usikuje. Sasa kuja, Jumamosi, na umlete Nasambu. Nguo yangu aione tu, ameshaona mabaya kuliko nguo. Usimfundishe njiani la kusema. Nitamweleza mimi kwa mdomo wangu niliuza nini, na kwa nini niko hapa na siko kazini.

Na umlete Kevin. Atakataa. Mwambie ni mama mdogo anamwita, mwambie lolote, lakini aingie kwa gari. Asipoongea na mwenzake njia nzima, mwache. Akifika atakaa upande wangu, nimwambie yeye peke yake kwamba si Nasambu aliyemfunga baba yake. Kwamba huyo mtoto alibeba mambo ya watu wazima zaidi ya mwaka mzima, na hakuna hata mmoja wetu alimtua.

Halafu nitamuuliza kama amemwandikia baba yake. Najua bado. Hapa ndani, Nangila, mtu ambaye hapokei barua unamjua kwa vile anavyotembea. Mtafutie karatasi. Kalamu pia. Mwache aandike anachotaka, hata kama ni matusi matupu, na wewe usiisome. Ifunge na gundi, uipeleke Bungoma.

Mdogo wako,
Roselyne